Lugha ya Mkopo, Lugha ya Soko

Tarehe 16 Aprili 2024 wenye maduka wa katikati ya Kampala waligoma. Kikuubo, mtaa mwembamba wa jumla ambako wapagazi hupishana na mizigo kichwani tangu alfajiri, ulibaki na milango ya chuma iliyofungwa, na mgomo ukaenea kwenye majengo ya biashara ya jirani. Lalamiko lililosikika zaidi lilikuwa EFRIS, mfumo wa kielektroniki wa kutoa risiti na ankara ambao Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, iliuanzisha mwaka 2021. Wafanyabiashara wengi waliuita kodi mpya. URA ikajibu tena na tena kwamba EFRIS si kodi. Ni chombo cha kufuatilia kodi iliyokuwapo siku zote, ile ya ongezeko la thamani, VAT. Tarehe 7 Mei Rais Museveni aliwaita wafanyabiashara hao uwanja wa Kololo, hapohapo Kampala, kuwasikiliza.

Ilikuwa rahisi wakati ule kusema kwamba watu wa Kikuubo hawakuelewa. Ukweli una pande mbili, na upande wa pili unaonekana kwenye hesabu. Mwenye duka anayestahili kusajiliwa kwa VAT, yaani mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 150 kwa mwaka, akinunua mzigo wa 100,000 hulipa juu yake VAT ya asilimia 18, ambayo ni 18,000. Akiuuza kwa 130,000 hutoza VAT ya 23,400. Serikalini hupeleka tofauti tu, 5,400, kwa sababu zile 18,000 alishazilipa aliponunua. Ila ili akatiwe hizo 18,000, sharti aliyemuuzia awe amempa ankara ya EFRIS. Asipopewa, anadaiwa 23,400 zote. Kikuubo mzigo hupita mikono mingi, na si kila mkono hutoa ankara. Kwa mtu huyo chombo ambacho ofisini si kodi kilikuwa kimempandishia kodi anayolipa zaidi ya mara nne.

Pande zote mbili, basi, zilisema kweli, na bado hazikusikilizana. URA ilikuwa inatoa maana ya neno, mwenye duka anatoa maana ya daftari lake. Hesabu ile ya 5,400 na 23,400, ambayo ingewaweka mezani pamoja, haikuwa sehemu ya jibu fupi la "EFRIS si kodi".

Hilo ndilo tatizo kubwa la msamiati wa fedha jijini Kampala. Mara nyingi husemwa kwamba kosa ni Kiingereza: bajeti husomwa kwa Kiingereza, mikataba ya mikopo huandikwa kwa Kiingereza, Benki Kuu hutangaza sera zake kwa Kiingereza. Lawama hiyo ina haki yake, lakini haitoshi. Wakazi wa jiji hili wamepokea maneno ya kigeni ya fedha kwa zaidi ya karne moja na kuyafanya yao. Kinachowaumiza ni neno linalofika kama amri au kama bili, bila ile hesabu iliyo nyuma yake.

Ushahidi wa uwezo wao ni mwingi. Ardhi ya mailo, iliyotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900 na kipimo cha Kiingereza cha maili, ni neno ambalo hakuna mkulima wa Wakiso anayehitaji kamusi kulielewa. Vikundi vya kuchangiana kwa zamu, ambavyo Mtanzania angeviita upatu na Mkenya chama, watu wa Kampala huviita "cash round" katikati ya sentensi ya Kiluganda, na kila mwanakikundi anajua zamu yake ni lini, atapokea kiasi gani na atakuwa amechanga kiasi gani. Neno ni la Kiingereza, lakini mambo yake yote yako mikononi mwa wanaolitumia.

Kiswahili nacho kilipata zamu yake, tena katika miaka migumu kuliko yote. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972 na kuiita hatua hiyo vita vya uchumi, maduka yao yaligawiwa, na waliogawiwa wakanawiri ghafla. Waganda wakawaita mafuta mingi, jina ambalo wazee wa Kampala bado hulitaja likiwa na lawama ndani yake. Bidhaa zilipopotea madukani, biashara ya mlango wa nyuma ikaitwa magendo, na wanauchumi waliokuja kuichunguza Uganda ya wakati huo walilazimika kuliandika neno hilo kama lilivyo katika vitabu vyao. Soko lisilo rasmi la dola likaitwa kibanda.

Kibanda kinastahili kutazamwa zaidi. Katika miaka ya 1980 dola ilikuwa na bei mbili, na kuna kipindi ilikuwa na tatu. Tangu 1982 hadi 1984 serikali ya Rais Obote iliendesha bei mbili rasmi za fedha za kigeni, zilizojulikana kama Dirisha la Kwanza na Dirisha la Pili: moja kwa mahitaji yaliyopewa kipaumbele, nyingine kwa mengineyo. Nje ya madirisha hayo kulikuwa na kibanda. Ofisini mtu aliambiwa bei ya dirisha. Mtaani aliuliza bei ya kibanda, na hiyo ndiyo iliyoamua sabuni na sukari ziuzwe kiasi gani. Muuza nguo asiyewahi kukanyaga darasa la uchumi alielewa kwamba sarafu yaweza kuwa na thamani ya karatasini na thamani ya kweli, na kwamba nafasi kati ya hizo mbili ni chakula cha mtu fulani. Mwaka 1990 serikali iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha, na biashara ya kibanda ikatoka vichochoroni ikawekewa leseni na ubao wa bei mlangoni.

Katikati ya kipindi hicho, Mei 1987, serikali changa ya Museveni ilibadilisha fedha. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo ikakatwa kodi ya asilimia 30. Kufuta sifuri mbili peke yake hakumtoi mtu jasho: mshahara umepungua sifuri mbili na bei ya matoke vivyo hivyo. Ile asilimia 30 ndiyo iliyouma. Aliyekuwa na 100,000 chini ya godoro alitoka na 700 badala ya 1,000. Watu walioyaona hayo kwa macho yao hawana haja ya kuelezwa kushuka kwa thamani ya fedha ni kitu gani. Wana haja ya kuelezwa mapema, kabla haijawafika.

Leo mahali ambapo haja hiyo ni kubwa zaidi ni mezani kwa mkopeshaji.

Chukua mfano wa mwanamke anayeuza nguo za mitumba, au mivumba kama zinavyoitwa Uganda, katika soko la Mtakatifu Balikuddembe ambalo jiji zima hulijua kwa jina la Owino. Hesabu za kazi yake ni kali. Akifungua belo, kwa dakika chache huwa ameshatenga vipande vya kwanza vitakavyorudisha fedha ya belo, vya kati vitakavyoleta faida, na vya mwisho vya kumwaga chini kwa bei yoyote ili apate nauli. Ni makadirio ya hasara na faida ambayo mhasibu angeyafanyia saa nzima. Mtu huyohuyo akiwekewa mbele mkataba wa kurasa nne wenye maneno "flat rate" na "declining balance", kalamu ikiwa tayari, hana kitu cha kushika isipokuwa tarakimu moja aliyoambiwa kwa mdomo: asilimia 2 kwa mwezi.

Tarakimu hiyo ina bei mbili, kama dola ya miaka ya 1980. Tuseme amekopa shilingi 1,000,000 za kulipa kwa miezi 12. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo mpaka mwisho, atalipa 20,000 kila mwezi, na jumla ya riba itakuwa 240,000. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, mwezi wa kwanza atalipa 20,000, wa pili pungufu kidogo, na kuendelea hivyo hadi mwezi wa kumi na mbili atakapokuwa anadaiwa 83,000 na ushei tu na riba yake haifiki 1,700. Jumla: 130,000. Asilimia ni ileile, muda ni uleule, mkopo ni uleule, na tofauti ni shilingi 110,000. Katika hesabu ya kwanza, mwezi wa mwisho bado analipia riba milioni nzima ambayo sehemu yake kubwa ameshairudisha.

Kuna na yale yanayokatwa kabla. Ada ya fomu, bima ya mkopo, ada ya wakili: mkopaji wa milioni moja anaweza kuondoka na 940,000 mkononi huku riba ikipigwa juu ya milioni kamili. Mikopo ya simu ina mtindo wake. Gharama huitwa ada, wala si riba, na kwa mkopo wa siku 30 ada ya asilimia 9 haionekani kubwa. Mwenye kukopa na kulipa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima amelipa zaidi ya asilimia 100.

Kiluganda hakimsaidii sana hapa. Faida ya mfanyabiashara na riba ya mkopo vyote huitwa amagoba, kwa hiyo anayeuliza amagoba ni kiasi gani anaweza kujibiwa kwa asilimia ya mwezi na akaona amejibiwa kamili. Na neno la Kiingereza la dhamana, "security", mtaani ni jina la askari wa getini. Wapo waliopoteza viwanja kwa njia mbaya zaidi: baadhi ya wakopeshaji huandika mkataba wa mauzo ya ardhi mahali pa mkataba wa mkopo, mkopaji akatia sahihi akidhani ameweka rehani, na siku akichelewa kulipa anakuta kwamba kwa mujibu wa karatasi alishauza. Huo ni udanganyifu, na lugha ndiyo iliyoufungulia mlango.

Kinachoshangaza ni kwamba dawa iko kwenye vitabu vya sheria tangu 1918. Sheria ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma haimtazami mtu kama amesoma au hakusoma kwa jumla. Inamtazama mbele ya hati fulani: asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha ya hati hiyo, kwa hati hiyo analindwa. Mfanyabiashara wa Kisenyi anayesoma Kiarabu vizuri lakini hajui Kiingereza yumo. Anayemwandikia mtu kama huyo hati anatakiwa aandike humo jina lake kamili na anwani yake, na kwa kufanya hivyo anabeba dhima kwamba aliagizwa kuiandika, na kwamba ameisoma na kuieleza kwa mwenyewe. Mahakama za Uganda zimeshazikataa hati zilizokosa uthibitisho huo. Lakini kufika mahakamani kunahitaji wakili, na aliyekopa milioni moja kwa kawaida hana fedha ya wakili.

Benki nazo zina maagizo yao. Miongozo ya kumlinda mteja ambayo Benki Kuu ya Uganda iliitoa mwaka 2011 inataka mteja apewe muhtasari wa mambo makuu ya mkopo kabla hajasaini. Wakopeshaji binafsi wako chini ya sheria nyingine, ya mwaka 2016, na msimamizi wao ni mamlaka ya huduma ndogo za fedha, UMRA. Mwaka 2024 serikali iliwawekea kikomo cha riba cha asilimia 2.8 kwa mwezi. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, anayesoma hesabu ya Owino hapo juu ataona mara moja kwamba asilimia peke yake haimkingi mkopaji kama hajui imepigwa juu ya nini.

Ukitoka mezani kwa mkopeshaji ukapanda ngazi hadi habari za Benki Kuu, shida ni ileile ila kwa sauti ya juu. Oktoba 2024 Benki Kuu ilishusha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 10 hadi 9.75. Vichwa vya habari vikasema riba imeshuka. Mkopo wa shilingi katika benki za biashara ulikuwa unakwenda kwa asilimia 18 hivi, na uliendelea hivyo. Msikilizaji wa redio ana haki ya kuuliza ni riba gani iliyoshuka. Jibu ni kwamba kiwango kile ni bei ya fedha kati ya Benki Kuu na mabenki. Juu yake benki huongeza gharama zake na hofu ya wasiolipa, na kubwa zaidi, huangalia kwamba serikali yenyewe inakopa kwa hati fungani za muda mrefu zinazolipa zaidi ya asilimia 15. Mwenye benki anayeweza kuikopesha serikali kwa faida hiyo bila wasiwasi hatakimbilia kumpunguzia muuza mivumba. Maelezo haya hayahitaji shahada, na yanaingia katika dakika moja ya taarifa ya habari.

Mfumuko wa bei una mtego wa aina hiyohiyo. Mwaka 2011 Uganda ilipata mfumuko uliofika asilimia 30 hivi mwezi Oktoba. Miezi ya mwanzo ya mwaka huo upinzani ulikuwa umewaingiza watu barabarani kwa maandamano ya kutembea kwenda kazini, kwa hasira ya bei za mafuta na chakula. Benki Kuu chini ya gavana Emmanuel Tumusiime-Mutebile ilipandisha kiwango chake hadi asilimia 23, na kufikia mwisho wa 2012 mfumuko ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 6. Serikali ilitangaza ushindi, mama wa nyumbani akaenda sokoni kutafuta bei za zamani na hakuzikuta. Hakudanganywa: kilichopungua ni mwendo wa kupanda. Kitu cha 1,000 kilichofika 1,300 kikipanda tena kwa asilimia 6 ni 1,378. Ilitosha kumwambia kwamba bei zimepunguza mbio lakini hazitarudi.

Kwenye bajeti tarakimu zenyewe humezwa na ukubwa wake. Bajeti ya 2024/25 iliyosomwa Juni 2024 ilikuwa ya shilingi trilioni 72.1. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu milioni 45.9, kwa hiyo ni milioni 1.5 na ushei kwa kila mtu, mtoto na mzee. Sehemu yake moja, trilioni 12 hivi, ni madeni ya ndani yanayoiva na kulipwa kwa kukopa upya. Fedha hizo hazijengi zahanati wala kulipa mwalimu. Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa bajeti kwa mwananchi, na kazi hiyo inastahili shukrani. Lakini mwongozo wa kusomwa humfikia anayesoma, na Kampala taarifa za fedha huenda kwa redio, kwa bodaboda na kwa Bukedde, gazeti la Kiluganda ambalo limekuwa likiita bajeti embalirira kwa miaka mingi bila kumpotezea msomaji wake chochote.

Wakoloni, kwa sababu zao, waliwahi kulielewa hili. Mwaka 1928 walipotaka kuweka kikomo cha malipo ambayo mpangaji wa ardhi Buganda humlipa mwenye mailo, sheria iliyopitishwa iliitwa Sheria ya Busuulu na Envujjo, kwa maneno yaleyale ambayo mlipaji na mlipwaji waliyatumia shambani: kodi ya ardhi na fungu la mazao. Karibu miaka 100 baadaye mpangaji wa Mukono bado anajua busuulu ni nini, anajua inalipwa lini, na anatunza stakabadhi yake. Hiyo ni sheria iliyokaa kichwani mwa watu, na jina lake lilichangia.

Je, Kiswahili kitachukua nafasi hiyo? Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kisheria, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike rasmi kufuatana na uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mpenzi wa Kiswahili hawezi ila kufurahi. Tanzania, ambako BAKITA imekuwapo tangu 1967 na bajeti husomwa Dodoma kwa Kiswahili, imeonyesha kwamba lugha ya Kiafrika inabeba uchumi wote, kuanzia pato la taifa hadi urari wa malipo. Lakini Tanzania hiyohiyo ina mikopo ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu. Mikataba kuwa kwa Kiswahili haikuizuia kuota. Hati fungani ni neno zuri, na bado mama lishe wa Kariakoo asiyewahi kufanyiwa hesabu yake hana tofauti na mwenzake wa Owino.

Kenya, mwaka 2024, ilitoa somo lililo wazi zaidi. Vijana waliopinga Muswada wa Fedha walirekodi video za kuueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha nyingi za makabila. Hawakushughulika kutafsiri vifungu. Walisema mkate utaongezewa VAT ya asilimia 16, gari litatozwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, na kila aliyesikia akajua hesabu yake mwenyewe. Tarehe 26 Juni, baada ya vifo vilivyoitia nchi majonzi, Rais Ruto alikataa kuusaini muswada huo.

Uganda ina jambo la haraka la kuanzia nalo. Kwa mpango wa maendeleo wa parokia, yaani kitengo kidogo cha utawala, uliozinduliwa Februari 2022, familia hukopeshwa shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Waliokumbuka Entandikwa, mikopo ya miaka ya 1990 ambayo wengi waliichukua kama zawadi ya uchaguzi na hawakuirudisha, waliona hatari mapema: fedha iliyotangazwa jukwaani ikaitwa fedha ya rais, na fedha ya rais haina tarehe ya kulipwa. Mkopaji wa mpango wa parokia anastahili karatasi ya ukurasa mmoja yenye mambo matatu, kiasi atakachoshika mkononi, jumla atakayorudisha kwa shilingi badala ya asilimia, na siku ya mwisho pamoja na kitakachochukuliwa asipolipa. Isomwe kwa sauti kwa lugha yake, na aliyeisoma aandike jina na anwani chini yake kama sheria ya 1918 inavyotaka. Kwa wakopeshaji binafsi kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa leseni zao huhuishwa kila mwaka: UMRA inaweza kuliingiza sharti hilo katika fomu za mwaka ujao bila kusubiri muswada wowote bungeni.